Harriet Tubman: Hakujua kuandika, lakini vitu vyake vinasema



Mara nyingi katika kikaratasi chetu hiki tunasoma maisha ya watu wakubwa. Tunasoma alizaliwa lini, alifanya nini, alikufa lini, kisha tunafunga na kwenda kula. Leo naomba tufanye namna ingine kidogo. Nitawaeleza maisha ya Harriet Tubman, mwanamke mweusi wa Marekani, lakini kwa kila hatua nitauliza swali lile lenye mwalimu wa historia anapenda kutuuliza: tunajua namna gani? Maana Harriet hakujua kusoma wala kuandika. Hakutuachia hata ukurasa mmoja wa mkono wake. Basi nani alituletea habari yake? Jibu ni hili: vitu. Karatasi ya hesabu, tangazo la gazeti, foto, shali, kitabu cha nyimbo. Vingine viliandikwa na watu wenye walimhesabu kuwa mali. Vingine alivichagua yeye mwenyewe. Mutaona ya kama tofauti ni kubwa.

1. Dola mbili za mzalishaji

Harriet alizaliwa katika wilaya ya Dorchester, jimbo la Maryland, inchi ya maji na misitu karibu na bahari. Jina lake la kwanza lilikuwa Araminta Ross, na nyumbani walimwita Minty. Baba yake, Ben Ross, alikuwa fundi wa miti na mbao. Mama yake aliitwa Rit. Wote wawili walikuwa watumwa, lakini si wa bwana mmoja. Ben alikuwa wa Anthony Thompson, Rit alikuwa wa kijana Edward Brodess. Sheria ya kule ilisema ya kama mtoto anafwata hali ya mama yake. Kwa hiyo Minty, tangu kutoka tumboni, alikuwa mali ya Brodess.

Hakuna mtu aliyeandika siku ya kuzaliwa kwake. Kwa miaka mingi vitabu vilipingana: kimoja kilisema 1820, kingine 1825. Lakini Thompson alikuwa mlezi wa mali ya Brodess, na kila pesa yenye ilitoka aliiandika. Watafiti walikuta katika hesabu zake ya kwamba mwezi wa tatu mwaka 1822 mzalishaji alilipwa dola 2 juu ya Rit. Ndipo wengi walikubali ya kama Minty alizaliwa mwaka ule. Fikirini vizuri jambo hili. Mtoto hakuandikwa, dola mbili ndizo ziliandikwa. Mtoto tulimpata nyuma ya pesa.

Na nyumba ya baba yake je? Thompson alipokufa mwaka 1836, aliacha neno ya kwamba Ben atafunguliwa na atapewa eka 10 za udongo ajitumie. Ile nyumba ya miti ilioza na kupotea. Lakini mwaka 2021 wachimbaji wa mambo ya kale walitangaza ya kama wamekuta pahali pake ndani ya pori la maji. Walikuta vipande vya vyombo vya udongo na sarafu moja ya mwaka 1808. Si zahabu, si silaha. Ni sahani za watu wenye walikula pale jioni nyuma ya kazi.

2. Kipimo cha chuma

Alipokuwa na miaka sita hivi, Minty alikodishwa kwa watu wengine. Alichunga mtoto mchanga wa bibi mmoja, na kama mtoto akilia, ni Minty alipigwa fimbo. Alama za shingoni hazikutoka mpaka uzee. Mara ingine walimtuma kutembelea mitego ndani ya maji ya baridi hali alikuwa mgonjwa wa shurua.

Alipokuwa msichana, siku moja aliingia dukani pahali panaitwa Bucktown. Mtumwa mmoja alikuwa ametoka kazini pasipo ruhusa, na msimamizi alimfwata. Yule mtu alikimbia. Msimamizi alishika kipimo cha chuma cha ratili 2, ni kusema karibu kilo moja, akakitupa. Hakikumpata mwenye kukimbia. Kilimpiga Minty kichwani. Alilala siku nyingi katikati ya kuishi na kufa. Tangu siku ile mpaka mwisho wa maisha yake usingizi ulimkamata gafula, hata akiwa anasema na watu, na aliona maono. Nyumba ya lile duka inasimama mpaka leo pale njia panda, na watu wanaenda kuitazama.

Kufika mwaka 1844 aliolewa na John Tubman, mtu mweusi mwenye alikuwa huru, na aliacha jina la Minty akajiita Harriet. Lakini ndoa haikumtoa katika utumwa. Kama angezaa, watoto wake wangekuwa mali ya Brodess.

3. Tangazo la gazeti

Mwaka 1849 Brodess alikufa na kuacha madeni. Watumwa walijua maana yake: bwana akifa na deni, watu wanauzwa. Dada watatu wa Harriet walikuwa wamekwisha kuuzwa mbali, kusini, na jamaa haikuwaona tena. Basi tarehe 17 mwezi wa tisa, Harriet alitoroka pamoja na ndugu zake wawili, Ben na Harry. Ndugu waliogopa njiani na wakamrudisha. Kisha kitambo kidogo alitoka tena, yeye peke yake, akatembea usiku kwa usiku akifwata nyota ya kaskazini mpaka jimbo la Pennsylvania, pahali utumwa ulikuwa umekatazwa.

Tunajua tarehe ile namna gani? Mjane wa Brodess alitia tangazo katika gazeti, na tangazo lile lilikutwa tena mbele ya miaka ya kwetu hii. Alitangaza ya kama watu watatu wamepotea. Kwa kila mmoja aliahidi dola 100 kama akikamatwa inje ya jimbo, dola 50 kama akikamatwa ndani. Anamwita Minty, si Harriet. Anasema ni wa miaka karibu 27, ngozi yake si nyeusi sana, urefu wake karibu meta moja na nusu, sura yake nzuri.

Mwenye kuandika hakutaka kumtukuza. Alitaka watu wamtambue njiani wamfunge. Lakini kumbe, karatasi yenye ilitengenezwa kuwa kamba ya kumkamata ndiyo inatuonyesha leo mwili wake wa ujana: mwanamke mfupi, wa miaka 27, mwenye watu walimwona kuwa mzuri. Hata miaka yake inasikilizana na zile dola mbili za mzalishaji. Hivi karatasi mbili za mabwana zinashuhudia pamoja, pasipo wao kutaka.

4. Safari za usiku

Wengine wangefika na kuketi. Harriet alirudi. Mwaka 1850 serikali ilitoa sheria ngumu: hata katika majimbo huru, mtumwa aliyetoroka lazima akamatwe na kurudishwa, na mwenye kumsaidia ataazibiwa. Kwa sababu hiyo Harriet aliwapeleka watu wake mbali zaidi, mpaka Kanada, mji wa St. Catharines.

Mutasoma katika vitabu vya zamani ya kama alifanya safari 19 na kutoa watu 300. Hesabu ile ilitoka katika kitabu cha Sarah Bradford, rafiki yake, mwenye aliandika maisha yake. Watafiti wa siku hizi walihesabu tena jina kwa jina. Wanasema safari kama 13 na watu karibu 70, na wengine kama 50 au zaidi wenye aliwafundisha njia wakaenda wenyewe. Msisikitike juu ya hesabu kupunguka. Watu 70 wenye majina wana uzito kuliko 300 pasipo majina.

Majina yale tunayo kwa sababu ya mtu mmoja, William Still, mweusi wa Philadelphia. Kila mkimbizi alipofika, Still aliandika jina la zamani, jina jipya, jamaa aliyoacha nyuma. Ilikuwa hatari kubwa kuweka karatasi kama zile. Alizificha mpaka vita ikaisha, na mwaka 1872 alizitoa katika kitabu. Ndani yake tunaona Harriet anafika mwisho wa mwezi wa kumi na mbili mwaka 1854 pamoja na ndugu zake. Ndiyo, Ben na Harry walewale wenye waliogopa mara ya kwanza.

Harriet alikuwa na akili ya kazi yake. Alipenda kutoka siku ya posho usiku, kwa sababu siku ya Mungu magazeti hayakutengenezwa, na tangazo halingetoka mbele ya siku ya kwanza ya juma. Alipenda siku za baridi, usiku ukiwa mrefu. Aliimba wimbo mmoja kusema njia ni salama, wimbo mwingine kusema mujifiche. Alibeba bastola. Hata hivyo hakushinda kila kitu. Dada yake Rachel hakuweza kumtoa. Aliporudi mwaka 1860 kumchukua, alikuta amekwisha kufa, na watoto wa Rachel walibaki utumwani kwa kukosa pesa kidogo za kuwatoa. Na mume wake John, Harriet alipokuja kumtafuta mwaka 1851, alikuwa amekwisha kukamata bibi mwingine.

5. Vita

Wakati ule watumwa wa Marekani walikuwa karibu milioni 4. Mwezi wa ine mwaka 1861 vita ya wenyewe kwa wenyewe ikalipuka. Mwaka 1862 Harriet alitumwa South Carolina, pahali askari wa kaskazini walikuwa wameshika kando ya bahari. Kule alipika, alifua, aliuguza askari na watumwa waliotoroka. Usiku alitengeneza mikate na kinywaji cha mizizi na kuvitoa viuzwe, sababu mshahara haukuja. Kisha walimpa kazi ingine: kuongoza wapelelezi. Aliwauliza watumwa wa inchi ile, nao walimwambia pahali adui alitega mabomu ndani ya mto.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 mwezi wa sita 1863, mashua za vita zilipanda mto Combahee pamoja na askari weusi chini ya koloneli James Montgomery. Harriet alikuwa ndani. Tatu zilitoka, moja ikakwama mchangani, mbili zikaendelea. Walichoma magala na mashamba ya mpunga. Watumwa walisikia filimbi ya mashua, wakakimbia mtoni na watoto mgongoni, na vyungu vya chakula vyenye vilikuwa vinatoka moshi bado, na kuku na nguruwe. Watu zaidi ya 700 walitoka utumwani siku ile moja. Ni mara kumi ya wale wote wenye Harriet aliwatoa katika miaka kumi ya kutembea usiku.

Gazeti moja kubwa la New York, Harper's Weekly, lilionyesha ile vita ya mtoni kwa picha ya kuchorwa, katika toleo la tarehe 4 mwezi wa saba 1863. Toleo lilelile lilichapa picha ingine, yenye ilitoka katika foto. Ni mtu aliyetoroka shambani Louisiana na kufika kwa askari. Amekaa, ametupatia mgongo. Mgongo mzima umejaa makovu ya fimbo, yamevimba kama mizizi ya mti. Watu wa kaskazini walikuwa wamebishana miaka mingi kama utumwa ni mbaya kweli ao ni uongo wa wahubiri. Mbele ya mgongo ule ubishi ulikuwa mgumu.

Sisi Wakongomani tunaweza kufahamu mambo haya bila kufasiriwa. Mwaka 1904, kule Baringa, mmisionari wa Kiprotestanti Alice Seeley Harris alipiga foto ya baba mmoja, Nsala, ameketi mbele ya mkono na mguu wa mtoto wake, vyenye vilikatwa katika mambo ya mpira. Foto za Kongo zilionyeshwa makanisani Uingereza na Marekani. Foto haiwezi kufungua mnyororo. Lakini inaondoa sababu ya kusema hatukujua.

6. Foto yenye ilijificha karibu miaka 150

Vita iliisha mwaka 1865 na utumwa ulikatazwa inchi mzima. Harriet alirudi Auburn, jimbo la New York, pahali alikuwa amenunua nyumba tangu 1859. Njiani, ndani ya gari la moshi, alionyesha karatasi yake ya askari, lakini kondakta hakuamini ya kama mwanamke mweusi anaweza kuwa na haki ile. Pamoja na watu wengine walimvuta kwa nguvu mpaka gari la mizigo na kumwumiza mkono. Huyo ndiye aliyetumikia inchi miaka mitatu.

Kwa muda mrefu sura yenye dunia ilijua ilikuwa ya mwanamke mzee, amejifunga shali nyeupe. Au ile picha ya kuchongwa ya kitabu cha Bradford cha 1869, amesimama na bunduki. Lakini mwaka 2017 kulitokea albamu ya foto yenye ilikuwa ya Emily Howland, mwalimu mmoja mzungu aliyefundisha weusi wenye walitoka utumwani. Ndani yake mulikuwa foto ya Harriet ya miaka ya 1868 ao 1869, yenye watafiti hawakuijua mbele. Amekaa kwenye kiti, mkono mmoja umelala juu ya kiti, nguo yake pana imeshonwa vizuri, nywele zimechanwa. Yuko wa miaka karibu 46. Anatazama pembeni, macho makavu, hana haraka.

Hakuna bunduki. Hakuna mnyororo. Hakuna mtu aliyemweka namna ile ili wengine wamwonee huruma. Alivaa mwenyewe, akaketi mwenyewe. Ukiweka foto hii kando ya lile tangazo la 1849 utaona kazi yote ya maisha yake. Tangazo ni mtu mwingine anamweleza ili amshike. Foto ni yeye anajionyesha.

Albamu ilinunuliwa kwa zaidi ya dola 160,000, na sasa ni ya nyumba mbili za serikali pamoja, maktaba kubwa ya Washington na nyumba ya makumbusho ya historia ya weusi.

7. Karatasi za pensheni

Musifikiri ya kama alipata heshima mapema. Serikali haikumlipa kama mpelelezi. Alilima, alifuga nguruwe, alipokea maskini na yatima nyumbani, alikopa. Mwaka 1869 aliolewa na Nelson Davis, askari wa zamani, mwenye alikufa 1888. Mwaka 1895 serikali ilianza kumpa dola 8 kwa mwezi, lakini kama mjane wa askari, si kama mtu aliyefanya kazi. Aliendelea kudai. Karatasi zile zingali katika maktaba ya serikali. Anaeleza ya kama alikuwa muuguzi, mpishi na mkubwa wa wapelelezi, na anaomba dola 1,800. Pahali pa jina lake ametia alama ya msalaba, sababu hakujua kuandika. Mwaka 1899 walipandisha mpaka dola 20 kwa mwezi. Miaka 34 ilikuwa imepita tangu vita.

Mimi ile alama ya msalaba inanigusa kuliko bunduki. Bunduki ilikuwa ya siku moja mtoni. Ile kalamu alirudi kuishika mara nyingi, mbele ya watu wa ofisi wenye walichoka kumwona.

8. Shali na kitabu cha nyimbo

Katika nyumba ile ya makumbusho ya Washington, yenye ilifunguliwa mwaka 2016, kuko vitu vyake vyenye vilitunzwa na jamaa kisha vikafika kwa Charles Blockson, mkusanya vitabu wa Philadelphia, naye akavitoa bure. Kuko shali ya hariri yenye Malkia Victoria wa Uingereza alimtumia karibu mwaka 1897. Na kuko kitabu kidogo cha nyimbo za injili.

Kitabu, kwa mtu asiyejua kusoma! Nilijiuliza sana juu ya hiki. Lakini angalieni kanisani kwetu: wamama wangapi wanashika kitabu cha nyimbo mkononi, hawakifungui, na wanaimba mistari yote mpaka mwisho? Kitabu kile hakikumfundisha nyimbo. Alikuwa nazo mbele yake, na kwa nyimbo aliwavusha watu usiku.

Mwaka 1908 nyumba ya wazee wenye alitamani sana ilifunguliwa Auburn, karibu na ya kwake. Yeye mwenyewe aliishia ndani yake. Alikufa tarehe 10 mwezi wa tatu 1913 kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa karibu miaka 91, watu wake wakiimba kando ya kitanda. Alizikwa kama askari.

9. Fundisho kwetu

Wandugu, mimi nitatoka hapa masomoni mwaka huu, na neno lenye ninaacha ni dogo. Hesabu ya mzalishaji ilikaa kwa sababu ilikuwa na pesa ndani. Tangazo lilikaa kwa sababu ilikuwa gazeti. Lakini foto, shali na kitabu vilikaa kwa sababu mtu mmoja hakuvitupa. Emily Howland aliweka foto. Jamaa waliweka shali. Still alificha karatasi. Pasipo wao tungekuwa na Minty wa mabwana tu, Harriet tungemkosa.

Katika nyumba zetu kuko nini? Kwetu vita na kukimbia vimechoma mambo mengi. Lakini labda tate yako yuko na kitabu cha kazi cha zamani, labda koko yuko na foto moja ndani ya Biblia, yenye imeanza kuliwa na mende. Likizo ikifika, muulize: huyu ni nani, mwaka gani, pahali gani? Andika nyuma yake kwa kalamu ya risasi, polepole, usitoboe karatasi. Sisi tumejifunza kuandika. Harriet alitia alama ya msalaba, na alidai miaka thelathini ili watu waiamini.

Ndimi ndugu yenu,
Kiongozi wa wanafunzi, darasa la sita.